Picha ya Betelgeuse: Tumeipiga Nyota au Mwanga Wake?

Kitabu cha Ayubu (38:31) kinataja Kilimia na Orioni. Kwetu makundi hayo ya nyota huonekana vizuri jioni, Desemba hadi Machi. Begani mwa Orioni ndipo ilipo Betelgeuse, nyota jitu nyekundu, yenye upana wa Jua mara mamia kadhaa. Ukifunga kamera kwenye darubini na kuipiga picha utapata duara jeupe, la kupendeza. Wengi huirusha kwenye kundi la jumuiya wakiandika: “Uso wa Betelgeuse.” Hapo, ndugu msomaji, tusimame kidogo.

Gawanya nyuzi moja ya pembe katika vipande 3,600. Kila kipande huitwa sekunde. Mwezi una upana wa sekunde 1,800 hivi. Betelgeuse, kwa umbali wake, haifiki hata sehemu ya kumi ya sekunde moja. Darubini yenye kioo cha sentimita 20 haitenganishi vitu vilivyokaribiana kuliko nusu sekunde, na hewa inayotikisika huutawanya mwanga zaidi. Basi lile duara limetokana na hewa, kioo, na kamera iliyopokea mwanga kupita kiasi. Iache kamera wazi muda mrefu zaidi uone “nyota” ikinenepa!

Uso wenyewe ulipigwa picha mwaka 1995 kwa darubini ya Hubble, iliyo juu ya hewa yetu. Nyota ilipofifia mwishoni mwa 2019, darubini ya VLT nchini Chile, yenye kioo cha mita 8, ilionyesha upande mmoja umeingia giza; watafiti walieleza kwamba ni vumbi lililotoka katika nyota yenyewe.

Darubini ndogo inafaa sana kwa rangi. Padre Angelo Secchi, Mjesuiti, alizipanga nyota kwa makundi kule Roma katika miaka ya 1860 kwa kuchambua rangi za mwanga wake tu. Nawe zima urekebishaji wa rangi wa kamera, fupisha muda wa picha, kisha vuruga fokasi kidogo ili mwanga usiungue kuwa mweupe. Piga Betelgeuse, halafu Rigel iliyo mguuni mwa Orioni, bila kubadili chochote. Ya kwanza itatoka ya chungwa, ya pili nyeupe-samawati, kwa kuwa Rigel ina joto zaidi ya mara tatu. Chini ya picha andika: “Rangi ya Betelgeuse.”