Mafunzo kwa Makarani: Upande wa Pili wa Karatasi

Rimu moja ya karatasi ina karatasi 500. Zikiwa za kadiri ya A4, za uzito wa kawaida, kila moja ni gramu 5, na rimu nzima yapata kilo 2 na nusu. Karani anayetumia karatasi 20 kwa siku humaliza rimu kwa siku 25 za kazi. Lakini akichapa pande zote mbili, rimu ile ile humtosha siku 50.

Katika afisi ya wakala wa forodha, kama zilivyo huko Ganjoni, Mombasa, hati za mizigo zilikuwa zikipigwa taipu nakala nyingi kwa karatasi ya kaboni. Mwaka 2005 Mamlaka ya Mapato ya Kenya ilianza kupokea hati za forodha kwa mfumo wa kompyuta ulioitwa Simba, na mwaka 2014 ukaja mfumo wa TradeNet, uliokusanya vibali vya idara nyingi mahali pamoja. Hata hivyo mazoea hayafi upesi. Hati iliyokwisha pelekwa kwa kompyuta aghalabu huchapwa tena, ikatiwa jaladani, na pengine isisomwe na mtu kamwe.

Karatasi iliyochapwa vibaya isitupwe. Ikikatwa mara nne na kubanwa kwa pini, huwa kijitabu kizuri cha kuandikia habari za simu. Bahasha nayo yaweza kutumika tena kwa kubandika kipande cha karatasi juu ya anwani ya kwanza, kama walivyofanya Waingereza katika vita vya 1939 hadi 1945.

Lakini yapo ya kuangaliwa sana. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Kenya, tarehe 28 Agosti 2017, karatasi kuukuu zina wateja wengi, na mwenye mshahara wake asingependa kuukuta umefungiwa njugu. (Wino nao si kitoweo.) Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yamtaka kila mwenye kuweka habari za watu azihifadhi. Kwa hiyo karatasi zenye nambari za vitambulisho, mishahara au sahihi zichanwe kabla ya kuuzwa. Zisichanwe zote, kwa maana kuchana hukata nyuzi, na kiwanda hupenda nyuzi ndefu.

Kando ya mashine ya kuchapia yafaa kuwekwa visanduku viwili: kimoja cha karatasi zenye upande mtupu, cha pili cha karatasi za siri. Hicho cha pili kiwe na kufuli.