Kumdai Mwenye Kiwanda Mipira Iliyokwisha

Wanafunzi, nanyi wa zamani mnaosoma mkiwa mbali, mimi ni mwalimu wa michezo hapa Arua Hill, na somo langu ni namna ya kumdai mwenye kiwanda mipira ikiisha kabla ya wakati wake.

Kwanza jueni kwamba kuchakaa si sawa na kuwa na kasoro. Uwanja wetu ni changarawe nyekundu, na tangu Desemba hata Februari nyasi zake ni za kutafuta. Mpira ukichubuka humo, chapa ikafutika, hiyo ni kazi ya uwanja, wala kiwanda hakidaiwi. Bali mshono ukifumuka na kibofu kikatokeza kama jipu, hali chapa ingali inang'aa, hapo pana neno.

Mpira wa kushonwa tuliouzoea una vipande 32: 12 vya pembe tano na 20 vya pembe sita, vilivyoungwa kwa mishono 90. Fundo moja likilegea, upepo hupata mlango. Lakini kiwanda kitauliza: mliujaza kiasi gani? Kanuni ya 2 ya kandanda yataka nguvu ya upepo iwe kati ya 0.6 na 1.1 ya kipimo cha angahewa, na mpira uliojazwa sana ukaachwa juani huzidi kuvimba. Ndiyo maana tuna daftari: tarehe ya kununua, namba ya stakabadhi, michezo iliyochezwa, na kipimo cha pampu kila mara.

Tulinunua mipira 6 kwa fedha za wanafunzi. Kabla ya muhula kwisha yote ilikuwa imeshindwa, na timu ya Koboko inakuja. Vijana walitaka tuandike kwamba yote 6 ni mibovu. Nilikataa. Tuliipanga mezani: 3 imeliwa na changarawe, 3 imefumuka. Tukadai hiyo 3 ya pili tu, na ile mingine tukaitaja wazi kuwa imetumika ikaisha.

Barua ilikwenda kwanza kwa mwenye duka, maana ndiye aliyepokea fedha zetu, na sheria ya Uganda ya 2017 juu ya uuzaji wa bidhaa humtaka muuzaji atoe kitu kinachofaa kwa kazi yake. Nakala ilikwenda kiwandani pamoja na picha za mishono. Barua ilikuwa fupi. Hapakuwa na matusi, wala kulia umaskini (wengi hupenda kulia, na msomaji huichoka barua kabla hajafika kwenye dai). Tulitaja tunachotaka: mipira mipya 3.

Kiwanda kilijibu kwamba uwanja wetu ndio mbaya. Tukakipelekea picha ya chapa isiyo na mkwaruzo, na kurasa za daftari. Baada ya majuma kadhaa ikaja mipira 2. Wa tatu walikataa kuulipa, kwa kuwa ulikuwa umeguswa na fundi viatu wa sokoni. Kweli uliguswa, kwa amri yangu. Koboko walikuwa wanakuja Jumamosi, nasi hatukuweza kuwapokea bila mpira. Fundi alitutoza kidogo tu. Mpira ule tunauchezea bado, na mshono wake haujaachia.