Kikohozi cha mtoto hakiponi kwa wembe

Mama mmoja wa Njombe anauliza: mwanawe wa miezi minane anakohoa tangu baridi ya Juni ianze, na mama mkwe ameshamtafuta fundi wa kukata kimeo. Akubali?

Asikubali.

Swali hili huja kila kipupwe, na maelezo ni yaleyale: kimeo kimerefuka, kinamtekenya mtoto koo, ndiyo maana anakohoa hadi kutapika. Kila mtu ana kimeo, na cha mtoto anayelia huku amepanua kinywa kitaonekana kirefu tu. Kikohozi kwa kawaida huletwa na virusi, ambavyo msimu wa baridi huenea upesi kwa sababu watu hujifungia ndani, madirisha yamefungwa na moshi wa jiko umetanda.

Mbona wengine huapa kuwa walipona? Kikohozi cha mafua mara nyingi huisha chenyewe ndani ya wiki mbili. Mtoto akikatwa siku ya kumi, siku ya kumi na tatu anacheza, na sifa zote anachukua fundi. Wasiopona hawasimuliwi. Hao hufikishwa idara ya dharura viganja vyeupe kwa kuvuja damu, au koo limeoza usaha; wengine huambukizwa pepopunda kwa wembe mchafu. Na kama ilikuwa nimonia, bado iko kifuani, ila sasa imeongezewa siku za kukomaa.

Hizo siku ndizo zinazowaudhi madaktari wa zamu. Nimonia ikiwahiwa, mtoto hupewa amoksilini ya kuyeyusha kwenye maji na kurudi nyumbani. Ikicheleweshwa hutaka oksijeni, na si kila zahanati inayo.

Basi mama amfunue mwanawe kifua akiwa ametulia, ahesabu pumzi kwa dakika nzima. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya mwaka, pumzi 50 au zaidi ni hatari. Mwaka mmoja hadi mitano, 40. Zikifika hapo, kituo cha afya siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya, akilegea au kupata degedege, ni hospitali usiku huohuo. Mama mkwe ataelezwa baadaye. Kikohozi kikipita wiki mbili, achunguzwe pia kifua kikuu.

Aende na kadi ya kliniki. Kama chanjo ya nimonia ya wiki ya 6, 10 au 14 ilirukwa, muuguzi ataangalia lini ichomwe.