Dondoo muhimu: Ukipata bastola ya Luger P08

Jeshi la Ujerumani liliipitisha mwaka 1908. Zingatia haya:

• Leseni kwanza. Waulize polisi kabla ya kulipa.
• Hakikisha haina risasi. Chomoa magazini, kisha kagua chemba. Risasi moja yaweza kubaki humo.
• Linganisha namba. Vipuri vidogo hubeba tarakimu mbili za mwisho za namba ya fremu. Zikipishana, kipuri kimebadilishwa na bei hushuka.
• Weka msasa kando. Umanjano kwenye triga za zamani ni rangi ya kiwandani, si kutu. Kutu nyepesi ifute kwa mafuta na kitambaa laini.
• Usiihifadhi kwenye mkoba wake. Ngozi hushika unyevu.

Rangi halisi iliyochakaa ina thamani kubwa kuliko mng'aro mpya.