Je, Wingi wa Watalii ni Dalili ya Uchumi Kupona?

Kila mwaka, mvua zikiisha kukoma na vumbi la kipupwe likianza kupanda katika Ugogo, magari ya watalii huonekana katika barabara kuu itokayo Iringa kupita Dodoma na Kondoa mpaka Arusha. Wakati huo huo twasikia kwamba hoteli za Arusha na Unguja zimejaa. Basi barazani watu husema, "Shida imekwisha, fedha imerudi nchini." Neno hili lafaa kupimwa kabla ya kukubaliwa, maana wako watu ambao hulitegemea hata kukopa au kununua bidhaa nyingi za duka.

Kwanza tuelewe maana ya kudorora kwa uchumi. Si kukosa fedha kwa mtu mmoja, wala kwa kazi ya namna moja. Ni kupungua kwa kazi na mazao na biashara ya nchi nzima, hata waajiri wakafukuza watu na wanunuzi wakaadimika. Ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020, watalii waliokuja Tanzania walikuwa 620,867 tu, hali mwaka 2019 walikuwa 1,527,230. Yaani katika kila watalii 10, karibu 6 hawakuja. Walakini uchumi wa nchi nzima haukuanguka hivyo. Kwa hesabu za Serikali uliendelea kukua, ila mwendo wake ulipungua, kutoka karibu asilimia 7 kwa mwaka hata chini ya asilimia 5. Hapo twaona kwamba utalii ni kiungo kimoja cha mwili, tena kiungo kikubwa, lakini si mwili wote. Unguja ni habari nyingine, maana huko watu wengi zaidi hula kwa mkono wa mgeni, na uchumi wake mwaka ule ulikua kwa zaidi kidogo ya asilimia 1 tu.

Sasa tazameni hesabu za miaka iliyofuata. Mwaka 2021 walikuja 922,692, na mwaka 2022 wakaja 1,454,920. Magazeti yalisema kwamba watalii wameongezeka kwa zaidi ya nusu katika mwaka mmoja, na hilo ni kweli. Lakini mfano wake ni mkulima aliyezoea kuvuna magunia 15 ya uwele, kisha ukame ukampa 6, mwaka wa pili 9, na mwaka wa tatu 14. Akijisifu kwamba mavuno yamezidi nusu nzima, hasemi uongo. Lakini ghala lake halijafika lilipokuwa. Watalii walipita hesabu ya mwaka 2019 katika mwaka 2023, walipokuja 1,808,205. Basi kila asikiaye neno "wameongezeka" yampasa kuuliza: wameongezeka kupita mwaka gani?

Jambo la pili ni majira. Wenyeji wa Dodoma wanalijua vema kwa sababu ya Bunge. Tangu Aprili mpaka Juni, Bunge linapojadili bajeti, nyumba za wageni hujaa na bei ya chumba hupanda. Hapana mtu mwenye akili asemaye kwamba uchumi umepona mwezi wa Aprili na kuugua tena mwezi wa Julai. Na watalii wana majira yao vivyo hivyo: wengi huja tangu Juni mpaka Oktoba, wakati wa kiangazi, wakapungua wakati wa masika. Julai haipimwi kwa Aprili. Hupimwa kwa Julai ya mwaka uliopita, na tena kwa Julai ya miaka kabla ya shida.

Tena mtalii hutumia fedha aliyoipata kwao. Akija kwa wingi, dalili ya kwanza ni kwamba huko Ulaya au Marekani au Kenya watu wamepata mishahara na kubakiza. Kwa hiyo msimu mzuri hutupa habari za nchi ya mgeni kabla ya habari za kwetu. Zamani jambo hili lilionekana hapa hapa Dodoma. Mwaka 1932 ndege za Imperial Airways zilianza safari za London mpaka Cape Town, na Dodoma ilikuwa moja ya vituo vyao kati ya Moshi na Mbeya. Watu walikwenda kuzitazama ndege hizo zikitua, zimechukua abiria matajiri. Lakini miaka ile ile bei ya katani ilikuwa imeanguka sana, na kazi za mashambani zilikuwa adimu. Mgeni alipita angani juu ya shida.

Hata katika mwaka 2023, watalii walipovunja hesabu zote za nyuma, wafanya biashara walilalamika kwamba dola hazipatikani katika mabenki, na thamani ya shilingi ikashuka. Je, dola za watalii zilikwenda wapi? Zilikuja kweli, lakini nchi ilikuwa yanunua mafuta na mbolea kwa bei iliyopandishwa na vita vya Ukraine vilivyoanza mwaka 2022. Tena sehemu ya nauli na malipo ya safari hubaki huko huko mgeni alikolipia.

Kwa hiyo sisi wa nyanda za kati tusitazame magari tu. Michoro ya miambani ya Kondoa iliandikwa na UNESCO mwaka 2006 katika urithi wa dunia, lakini wageni wafikao Kolo ni wachache kuliko waendao Serengeti. Fedha ya watalii hutufikia zaidi kwa njia ya mzunguko: hoteli zikinunua zabibu, mafuta ya alizeti, mbuzi na mayai. Basi ulizeni mnadani kama wachuuzi wanakuja, na kama mnunuzi wa zabibu analipa papo hapo au anaahidi tu.

Mwalimu apendaye aweza kuwapa wanafunzi hesabu hii. Mwaka 2019 watalii waliiletea nchi dola bilioni 2.6, mwaka 2023 karibu dola bilioni 3.4. Wagawe fedha ya kila mwaka kwa idadi ya watalii wake. Watapata kama dola 1,700 kwa kila mtalii mwaka wa kwanza, na karibu 1,900 mwaka wa pili. Kisha wakumbushwe kwamba kati ya miaka hiyo bei za vitu huko Marekani zilipanda kwa karibu asilimia 19. Ili dola 1,700 za mwaka 2019 zinunue vitu vile vile mwaka 2023, zingepaswa kuwa zaidi ya 2,000.