Mzee na Mkewe Wajitayarisha kwa Utumishi

Katika uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Tandahimba, mali ya mtu ni mikorosho yake. Nchi hii zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Newala, na sasa ni wilaya peke yake. Basi tuseme kwamba yuko huko mzee mmoja, mwalimu aliyestaafu, naye pamoja na mkewe wameitikia wito wa kanisa: kwenda kukaa mwaka mzima katika kijiji kilicho bondeni mwa mto Ruvuma, kufundisha watu kusoma, kuzuru wagonjwa, na kuwasaidia akina mama. Mshahara hawatapewa. Watapewa nyumba tu. Nauli na chakula ni juu yao wenyewe.

Labda mwafikiri kuwa kujitayarisha ni kufunga mizigo. Mizigo ni kazi ya siku moja. Kazi kubwa ni yale yanayoachwa nyumbani. Mkorosho una mwaka wake. Tangu mwezi wa Mei au Juni miti hupulizwa salfa, kwa maana ugonjwa uitwao ubwiri unga huharibu maua na machipukizi, na mti uliopatwa hauzai vema. Kisha hulimwa chini ya miti, ili korosho zikianguka zionekane. Tangu Oktoba huokotwa, huanikwa juani, hupelekwa kwenye chama cha ushirika, na kuuzwa kwa mnada. Fedha huja baadaye.

Wito huo ulikuja mwezi wa Agosti, wakati ambapo nyumba nyingi hazina kitu. Padre aliwaambia wafike huko mwezi ujao. Mzee akatafuta nauli asiipate. Ndipo akawaza kuuza kangomba, yaani kumpa mchuuzi ahadi ya korosho zake kwa siri, kabla ya msimu, kwa bei ndogo. Jambo hilo Serikali imelikataza, lakini mtu mwenye shida husikiliza.

"Bibi," alisema, "ni magunia matatu tu."

Mkewe alikuwa akipepeta mtama. Hakuinua macho. "Mzee wangu, magunia hayo matatu ndiyo madaftari ya wajukuu. Tutawafundishaje watoto wa wenzetu, na wa kwetu wameketi nyumbani?"

"Na wito je? Nimekwisha kumjibu padre."

"Mrudie. Mwambie tutakwenda Januari, korosho zikisha kuuzwa."

"Januari ni mvua. Njia za bondeni ni matope matupu."

"Basi tutapita katika matope."

Mzee alinyamaza siku mbili. Aliona haya kurudi kwa padre, maana alikuwa amejibu upesi mbele ya watu wote. Siku ya tatu akaenda. Padre alimsikiliza, akafuta Septemba katika daftari lake, akaandika Januari.

Mume na mke kutumwa pamoja si jambo jipya katika nchi hizi. Wamisionari wa UMCA, waliofika Masasi mwaka 1876 pamoja na Askofu Steere, kwa desturi hawakuoa wakati wa utumishi wao, wala hawakupokea mshahara. Lakini mwaka 1886 shemasi Cecil Majaliwa alitumwa Chitangali, kwa Nakaam, mkuu wa Wayao, naye alikuwa na mke, Lucy Magombeani. Majaliwa mwenyewe alikuwa Myao, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akalelewa na misheni huko Unguja. Walikuwa vijana bado, si wazee kama hawa wetu. Siku zile safari ilikuwa kwa chombo mpaka pwani ya kusini, kisha kwa miguu. Mpagazi mmoja alichukua frasila mbili hivi, yaani kilo 32, na nguo ndizo zilizokuwa fedha ya njiani. Mwaka 1890 Majaliwa akawa padre, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile, na alikaa Chitangali mpaka mwaka 1897. Mimi naona kwamba majirani wake walijifunza mengi kwa kuitazama nyumba yake: jinsi mume na mke walivyosemezana, na jinsi walivyowalea watoto wao. Mtu asiye na mke hawezi kuwaonyesha hayo, hata akihubiri vema namna gani.

Basi wazee wetu wakangoja. Oktoba wakaokota pamoja na wajukuu. Mnada ulipokwisha na fedha zilipofika, bibi alizigawa mafungu matatu juu ya mkeka: la madaftari na sare, la salfa ya mwaka ujao, na la safari. La safari lilikuwa dogo kuliko yote. Mtoto wao wa kwanza akaonyeshwa mipaka ya shamba, mti kwa mti, mbele ya jirani wawili, isije ikawa ugomvi nyuma yao. Kuku wakagawiwa.

Mwisho ndipo wakafunga mizigo: vitabu, chandarua, sufuria mbili, jembe, mbegu za kunde, na miwani ya mzee.

MASWALI. Kwa nini mzee aliona haya kurudi kwa padre? Kwa nini walimwonyesha mtoto wao mipaka mbele ya jirani? Ungalikuwa wewe, fungu lipi la fedha ungalilifanya kubwa?