Kata kiota kabla kiwavi hajaamka

Waswahili waliohamia Portland na Lewiston, jimboni Maine, huonywa sana kuhusu theluji. Kuhusu nondo mkia-kahawia husikia wakishaanza kujikuna mwezi wa sita.

Nondo huyu ni mweupe pe, isipokuwa kishungi cha kahawia nyuma. Asili yake ni Ulaya. Marekani aligunduliwa Somerville, Massachusetts, mwaka 1897. Msumbufu hasa ni kiwavi wake: kahawia, michirizi myeupe ubavuni, nukta mbili nyekundu karibu na mkia. Hupenda majani ya mwaloni na mtofaa, na hula pia mcheri, mpeasi, mplamu na waridi. Kama miti hiyo iko uani kwako, ichunguze.

Vinyweleo vyake vidogo vina sumu inayowasha kama upupu. Hukatika, hupeperushwa na upepo, na sumu hudumu mwaka mmoja hadi mitatu. Kwa hiyo waweza kuwashwa bila kumwona kiwavi hata mmoja. Anayebanwa na kifua awahishwe hospitali.

Wakati wa kupambana naye ni majira ya baridi. Majani yakishapukutika, tazama ncha za matawi: kiota ni majani machache makavu yaliyofungwa kwa hariri nyeupe, na jua likikipiga hung'aa. Ndani wamelala viwavi 25 hadi 400. Kati ya Oktoba na katikati ya Aprili, vaa glavu na miwani, ukikate kwa mkasi wa kupogolea na kukizamisha kwenye ndoo ya maji ya sabuni kwa siku kadhaa. Ukikiacha chini, viwavi watapanda tena. Kilicho juu sana au karibu na nyaya za umeme mwachie fundi wa miti. Mpangaji amwambie mwenye nyumba Desemba. Juni ni kupigizana kelele tu.

Ukishachelewa, punguza madhara. Kuanzia Mei hadi Julai anika nguo ndani. Nyasi zikate zikiwa na unyevu, maana zikiwa kavu mashine hurusha vinyweleo. Ukitoka bustanini badili nguo, bandika selotepu kwenye ngozi na kuibandua ing'oe vinyweleo, kisha oga maji ya baridi.